Mwezi una siku ngapi?

Mdogo wangu alipolazwa, Mama aliweka nadhiri: mtoto akipona, atakwenda Bagamoyo kwa miguu, mpaka kwenye misheni waliyoianzisha Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Mtoto akapona. Kupanga safari kukaniangukia mimi, maana ndiye mwenye simu kubwa.

Barabara ya lami sikuitaka, kwa malori yale. Nikachora njia ya ufukweni: Ununio, Mbweni, mdomo wa Mto Mpiji ambako Dar inaishia na Pwani inaanza, Mapinga, tulale Kerege, kesho yake Kaole mpaka Bagamoyo. Nikagawa kilomita kwa siku mbili, nikajipongeza. Wiki moja kabla, pale Ununio, nilimwonyesha ramani mzee mmoja aliyekuwa akitia dau lake kalafati. Hakuitazama.

"Mwezi una siku ngapi?"

Sikujua. Akahesabu mwenyewe kwa vidole vyenye lami.

"Jumamosi yenu ni mwezi kumi na tano. Bamvua. Saa nne asubuhi maji yatakuwa yamekupwa kabisa, mtatembea kwenye mchanga mgumu. Mpiji uvukeni kabla ya saa sita. Mkichelewa, mama, pandeni barabarani."

Tulitoka saa kumi na mbili. Mama na yeboyebo zake za kumwagilia mchicha, rozari kiganjani. Mimi na raba mpya, nimezinunua Kariakoo Jumatano. Jumatano! Kufika Mbweni lengelenge la kisigino limeshapasuka na mchanga umeingia. Nikajifunga leso, nikatembea, nikakaa, nikatembea tena. Mama akamaliza matendo ya furaha akinisubiri, akaanza ya uchungu.

"Chuma na Susi walimbeba Livingstone mpaka Bagamoyo," alisema. "Wewe usitegemee."

Mpiji tuliukuta saa saba na nusu. Maji yalikuwa yanaingia bila wimbi, kimyakimya, yakipanda kwenye mizizi ya mikoko, na povu la kahawia likielea kwenda bara. Pale tulipopanga kuvuka kwa kukunja kanga, kijana mmoja alikuwa akipitisha ngalawa.

Akasema atatuvusha. Mama akagoma, nadhiri ni miguu. Nikamwambia turudi tutafute barabara, akakitazama kisigino changu, akapanda bila neno.

Ng'ambo akamuuliza yule kijana, "Hapa tulipopita ni hatua ngapi, baba?"

"Kama themanini hivi, mama."

Akanikabidhi mkoba, akaanza kwenda na kurudi mchangani, akihesabu kwa sauti. Kijana akaacha kusukuma ngalawa, akawa anahesabu naye. Mimi nimekaa, kiatu mkononi.

Themanini ikafika. Hakusimama. Akaongeza ishirini.

"Hizo za kwako," alisema, akachukua mkoba wake.