Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Taa za Nyuma, Dodoma

Saa 12 kasorobo asubuhi bajaji inanichukua nyumbani Nkuhungu, na kabla hatujafika barabara ya lami mabishano yetu ya kila siku yameshaanza. Dereva ni kijana aliyenibeba kwa zaidi ya miaka miwili, na kwa kuwa anajua kwamba kazi yangu ni taa za nyuma za magari, hupenda kulitaja gari lililo mbele yetu kabla hajaona nembo wala jina. Giza bado halijaisha. Mbele kuna miduara minne myekundu, miwili kila upande. "Crown Athlete hiyo, baba," anasema. Baadaye kidogo anasema, "Probox, na taa yake moja ya breki imekufa." Namuuliza anayajuaje yote hayo, naye ananijibu neno ambalo nimelibeba siku nzima: "Baba, sisi wa bajaji hatujui sura za magari. Tunajua migongo."

Ni kweli, tena ni kweli kuliko alivyodhani. Mwenye gari hachoki kuzungumzia taa zake za nyuma, yuko tayari kuzilipia fedha nyingi, lakini akishika usukani hazioni tena. Anayeishi nazo ni yule anayemfuata.

Saa 1 na nusu nafungua duka langu dogo karibu na Soko la Majengo. Kijana ninayemfundisha kazi ameshafika na kunipa shikamoo, na kazi ya kwanza ni ile ile ya kila asubuhi: kufuta vumbi. Dodoma ni nchi kavu, na vumbi lake jekundu hupenya hata ndani ya taa iliyofungwa kiwandani, likitafuta ufa mdogo kwenye gundi. Rafu zangu zina taa za mtumba kutoka Japani, nyingi za Toyota. Ukizitazama zikiwa zimepangwa utaona jambo ambalo wateja hulishangaa: taa kubwa za mbele hugeuka njano kwa jua, lakini hizi za nyuma hubaki na rangi yake hata zikiwa na umri wa miaka 20. Za mbele hutengenezwa kwa polikaboneti, plastiki inayovumilia kishindo lakini inayodhuriwa na jua. Za nyuma kwa kawaida ni akriliki, ambayo jua haliichakazi kwa urahisi, ila ikigongwa hupasuka kama kigae.

Leo namfundisha kijana kuhusu balbu. Nimempa ile ya kawaida yenye wati 21 na wati 5, ndogo kama ncha ya kidole gumba, nikamwambia aiinue kwenye mwanga wa dirisha. Ndani yake kuna nyuzi mbili za chuma nyembamba kama unywele: mmoja huwaka muda wote taa za usiku zikiwashwa, wa pili, wenye nguvu mara 4, huwaka mguu unapokanyaga breki. Kwenye kitako kuna vipini viwili, na ukiangalia kwa makini utaona havilingani urefu kutoka chini, kimoja kiko juu kidogo. Vimewekwa hivyo makusudi, ili balbu iingie kwa namna moja tu. Fundi mwenye haraka huisukuma kwa nguvu ikaingia kinyume, kisha gari hilo hutembea usiku mzima likiwa kama limekanyaga breki, na likikanyaga breki kweli, mwanga huongezeka kidogo tu, anayefuata asitambue. Kijana aliirudisha kwenye soketi mara tatu mpaka mkono wake ulipoelewa.

Saa 3 asubuhi wakaingia mke na mume wenye Crown Royal, ya lile toleo lililoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2003. Wameliagiza pamoja, na wanalitumia kwa zamu kati ya Kisasa wanakoishi na Mtumba ambako mume anafanya kazi. Mume anataka tuziondoe taa zake tuweke za Athlete, yaani zile za duara. Mke hataki.

Nilifurahi kupata watu wa namna hii, kwa sababu ubishi wao ndio ubishi wenyewe wa kazi yangu. Toyota walilitoa gari hilo kwa sura mbili wakijua kwamba wanunuzi si wa aina moja: Royal kwa mtu anayetaka utulivu na heshima, Athlete kwa anayetaka gari lionekane lina mbio hata likiwa limeegeshwa. Taa za duara zina historia yake. Nissan Skyline ilizifanya kuwa alama yake tangu toleo la 1972, na huko Marekani Chevrolet Corvette ilizivaa nne tangu 1961, kwa hiyo jicho la mpenzi wa magari limefundishwa kwa miongo mingi kuiona miduara minne na kusema hapo pana injini kubwa. Mume hakuyajua haya, lakini aliyahisi. "Fundi, duara lina maana," alisema. Mke akamjibu kwa upole, "Baba watoto, duara ni la vijana. Hizi zetu zimelala pana, gari linaonekana limetulia. Sitaki nifike msibani na gari linaloonekana limetoka mashindanoni."

Sikuamua kati yao. Niliwaambia warudi jioni, giza likianza kuingia, kwa sababu taa haihukumiwi saa 3 asubuhi chini ya jua la Dodoma.

Saa 5 alikuja kijana mwenye Toyota Altezza, gari ninaloliheshimu. Lilipotoka 1998 lilikuja na taa za nyuma ambazo hazikuwa nyekundu kwa nje: kioo chake kilikuwa cheupe kama maji, na ndani yake unaona duara jekundu na la rangi ya machungwa vikikaa juu ya rangi ya fedha inayong'aa. Wengi walizipenda mno, wengine wakasema zinaonekana kama sahani za duka la vyombo, lakini dunia nzima iliziiga, hata watu wa nchi za mbali wakawa wanaita taa zozote za namna hiyo kwa jina la Altezza. Huyu kijana anazo za asili, hazina ufa. Anataka nizitie tinti nyeusi.

Nilimkatalia, na nilimweleza sababu bila kumficha. Miaka 9 iliyopita nilimtia mteja tinti kama hiyo kwa sababu alinilipa vizuri na kwa sababu, niseme ukweli, gari lilipendeza. Wiki ya tatu aligongwa nyuma saa 8 mchana kwenye barabara ya kwenda Morogoro. Aliyemgonga hakuwa mlevi wala hakuwa mwenye mbio. Alisema hakuona breki, na nilipolitazama gari lile juani nami sikuiona. Hakuna aliyefariki, lakini mtoto aliyekuwa kiti cha nyuma alivunjika mkono, na baba yake hakunilaumu hata mara moja, jambo ambalo liliniumiza zaidi. Tinti haipunguzi mwanga wa taa peke yake, bali huua pia rifleta, ule ubao mdogo wenye vitone ambao hauhitaji umeme, unaorudisha mwanga wa anayekuja. Gari likizimika usiku porini, betri ikafa, rifleta ndiyo inayobaki kusema "nipo hapa". Madereva ambao malori yao yameharibika huweka matawi barabarani kwa sababu wanajua thamani ya kuonekana.

Kijana alinisikiliza kwa adabu, akasema ataenda kwa fundi mwingine. Najua atampata. Nimeandika namba yake, nitampigia wiki ijayo.

Saa 7 mchana nakula ugali na mlenda kwa mama lishe, pamoja na mzee mmoja aliyekuwa dereva wa serikali kabla ya kustaafu. Nilimsimulia habari za asubuhi, naye akanikumbusha Peugeot 504, iliyotoka 1968, ambayo kifuniko cha buti lake kilishuka chini kama kimekunjwa goti. Anasema wakati huo wapo walioliona kama gari lililoanguka mgongo, na baadaye watu wale wale wakalipenda kuliko mengine yote kwa sababu liliwafikisha. Nikamweleza kwamba mwaka 2001 yalitokea hayo hayo kwa BMW, mfululizo wa 7, wakati mkuu wa usanifu alipokuwa Mmarekani Chris Bangle: buti lilionekana kama kifuniko kilichowekwa juu ya kingine, wapenzi wa BMW wakakasirika sana, lakini baada ya miaka michache mabuti ya namna hiyo yakaonekana kwenye magari ya kampuni nyingine. Mzee anaamini kwamba macho huchelewa tu. Mimi sikubaliani naye kabisa, kwa maana lipo umbo ambalo jicho hulizoea bila kulipenda, lakini mlenda ulikuwa unapoa na sikumbishia.

Mchana ulikuwa mfupi. Mtu wa Toyota IST alikuwa ameweka kwenye indiketa balbu za LED, zile zisizo na waya ndani wa kupata moto, zikawa zinapepesa kwa kasi kama mtu mwenye hofu. LED hula umeme kidogo, na flasha ya zamani, kile kifaa kinachoipepesesha indiketa, hudhani balbu imeungua. Nilimbadilishia flasha. Nilimwonyesha pia kosa lake la pili: alikuwa ameweka LED nyeupe nyuma ya kioo chekundu, na kioo hicho hutupa sehemu kubwa ya mwanga mweupe, wakati LED nyekundu hupita karibu yote. Faida ya kuziweka ipo, kwani LED huwaka kama sehemu 2 za 10 za sekunde mapema kuliko waya unaosubiri kupata moto, na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa hizo ni zaidi ya meta 4 za barabara anazopewa anayekufuata.

Saa 10 jioni likaja Toyota Harrier la toleo la 2020, zuri kwa kweli, lenye ule mstari mwembamba mwekundu unaokata nyuma yote. Mteja hakuwa na tatizo na mstari. Indiketa zake ziko chini, kwenye bampa, nazo zilikuwa zimefunikwa na vumbi la barabara ya vijijini kiasi kwamba sikuona rangi. Nilizisafisha kwa kitambaa na maji. Msanifu aliyezishusha pale alitaka mstari wa juu ubaki safi, na ameupata usafi huo. Ila huku kwetu uchafu huanzia chini.

Saa 12 na robo jioni mke na mume wakarudi. Nilikuwa nimeshawaza la kufanya. Upande wa kushoto niliitoa taa ya Royal, nikashikiza taa ya duara ya Athlete kwa skrubu mbili na waya za muda. Upande wa kulia nikaiacha ya asili. Kisha nikamwomba kijana wangu akae ndani akanyage breki, sisi watatu tukahesabu hatua 30 kurudi nyuma, mpaka ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Mume alitabasamu akitazama kushoto. Mke alinyosha mkono kulia akasema, "Ile naona inaishia wapi. Najua gari lina upana gani." Mume akatazama tena, safari hii kwa muda mrefu, akaomba breki ikanyagwe mara nyingine, na nyingine. Wakaniambia watarudi Jumamosi. Niliirudisha taa yao, na ile ya duara nikaifunika kitambaa kwenye rafu.

Bajaji ilikuwa imefika zamani. "Baba," dereva aliniuliza nilipopanda, "yale magari mawili yaliyokuwa yameegeshwa pale pamoja, la pili limeenda wapi?" Nilimweleza kwamba lilikuwa gari moja. Nikamuuliza lipi lilimpendeza. Alifikiri mpaka tukakaribia Nkuhungu, akasema la kushoto lilikuwa zuri, ila usiku angependa kulifuata la kulia.