Tenshena Iliyosahauliwa

Gari lilikuwa likilia asubuhi tu. Injini ikiwashwa ikiwa baridi, upande wa mikanda ulitoa mluzi mwembamba wenye mkwaruzo ndani yake, kisha baada ya dakika nne au tano joto likipanda mlio ulififia hadi ukapotea kabisa. Lilikuwa Toyota Corolla lenye injini ya 4A-FE. Mwenyewe, mama mmoja, alikuwa na hakika kuwa kasoro haipo kwenye taimingi, yaani mfumo unaozifanya vali zifunguke kwa wakati sawa na pistoni, maana mkanda wake ulikuwa umebadilishwa kilomita 40,000 tu zilizopita, na karatasi ya kazi ile alikuwa nayo.

Mzee niliyekuwa nikifanya naye kazi aliisoma karatasi ile yote, juu hadi chini. Mkanda mpya, oili, chujio, plagi nne. Akamrudishia.

"Mama, hapa mkanda upo. Tenshena siioni."

Tenshena ni puli inayoukaza mkanda usilegee, na kuisahau ndilo kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko mengine yote kwenye kazi ya taimingi. Mkanda unabadilishwa kwa sababu kila mtu anajua una umri wake. Kwa injini kama hii ni kila kilomita 100,000. Puli ya tenshena inaachwa kwa sababu ikizungushwa kwa kidole bado inazunguka. Lakini beringi iliyo ndani yake imezunguka kilomita zilezile ulizozunguka mkanda wa kwanza, na grisi yake imefungiwa humo tangu kiwandani, haiongezwi. Ukifunga mkanda mpya juu ya beringi ya zamani, unaitaka ifanye safari mbili kwa grisi ya safari moja.

Kabla ya kufungua chochote tulihakikisha mlio unatoka wapi. Kwenye injini hii pampu ya maji haizungushwi na mkanda wa taimingi, inazungushwa na mkanda wa nje pamoja na alternata. Kwa hiyo kipimo ni rahisi: tulilegeza mikanda yote ya nje tukaitoa, tukawasha injini ikiwa baridi kwa nusu dakika tu. Usizidishe hapo, kwa kuwa maji hayazunguki. Mlio ulibaki. Alternata haikuhusika, wala pampu ya maji, wala pampu ya usukani. Mzee akaweka ncha ya bisibisi refu kwenye kava ya chini ya taimingi na mpini wake sikioni, kisha akanipa nami nisikie. Kwenye kava ya juu ulisikika mvumo wa kawaida wa mkanda. Chini kidogo, upande wa kushoto ukiitazama injini kutoka kwenye mikanda, ilisikika sauti kama ya mchanga unaosagwa.

Kazi yenyewe tuliianza injini ikiwa imepoa kabisa. Waya wa hasi wa betri ulitoka kwanza. Gari likapandishwa kwa jeki, likakalishwa kwenye stendi, gurudumu la mbele kulia likatolewa pamoja na plastiki inayozuia matope. Plagi zote nne tulizitoa, na hatua hii wengi huiruka. Plagi zikiwa ndani, kila pistoni inapobana hewa krankshafti, yaani shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, inapambana nawe, na ukishapita sehemu ya kubana inaruka mbele ghafla. Zikiwa nje, unaizungusha taratibu na kuisimamisha pale pale unapotaka. Kava ya vali nayo hutolewa, ndipo kava ya juu ya taimingi ipate nafasi ya kutoka.

Tulizungusha krankshafti kwa bolti yake, kwa mwelekeo wa saa, hadi mfereji wa puli ya chini ukakaa kwenye sifuri ya kava. Hapo pistoni namba moja iko juu, lakini inaweza kuwa inabana au inatoa moshi. Jibu liko juu: tundu dogo kwenye puli ya kamshafti, shafti ya juu inayofungua vali, lazima litazamane na alama ya kishikizo cha kamshafti nyuma yake. Kama halionekani, zungusha krankshafti mzunguko mmoja zaidi. Alama zilipokaa tukazichora upya kwa tipeksi, juu na chini.

Bolti ya krankshafti ndiyo iliyokula muda wetu. Hukazwa kwa Nm 118 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), na ikishakaa miaka hushika zaidi ya hapo. Tulitia gia ya tano, mtu mmoja akakanyaga breki, mwingine akavuta spana yenye bomba refu. Mkanda wa taimingi usitumike kamwe kuzuia injini wakati wa kulegeza bolti hii. Meno yake hunyofoka kwenye mizizi bila wewe kuona, na mkanda unakatika wiki kadhaa baadaye. Baada ya kuilegeza tulirudisha gia huru na kuhakiki alama tena, maana nguvu ile husogeza krankshafti. Injini ikategemezwa kwa jeki yenye kipande cha mbao chini ya sampu, yaani bakuli la oili, mauntingi ya kulia inayoishikilia injini ikafunguliwa, kava zote zikatoka.

Hapo tuliiona. Kuzunguka beringi ya tenshena kulikuwa na vumbi la kahawia lililoganda, yaani grisi iliyovuja ikakauka. Uso wa puli ulikuwa na rangi ya bluu hafifu upande mmoja, alama ya chuma kilichopata joto. Ukingo wa nje wa mkanda ulikuwa umeanza kutoa nyuzi, na nyuzi zile hazikuwa kosa la mkanda: puli ilikuwa imeinama kidogo sana kwa sababu beringi inacheza, ikausukuma mkanda upande mmoja mpaka ukagusa kingo. Anayeona nyuzi hizo na kubadilisha mkanda peke yake atazikuta tena kwenye mkanda mpya.

Mzee alilegeza bolti ya tenshena, akaisukuma puli kushoto, akaikaza kidogo isirudi. Mkanda ukalegea, ukatoka. Kisha spring inayoivuta puli ibane mkanda ikachomolewa, bolti ikatoka, na puli ikawa mkononi. Akanipa niizungushe. Ikazunguka, ikazunguka, haikutaka kusimama, na kwenye ncha za vidole nilihisi punje. Akanipa ile mpya. Niliisukuma kwa nguvu ileile, ikaenda robo tatu ya mzunguko ikasimama kimya. Wengi hudhani puli inayozunguka sana ndiyo nzima. Ni kinyume. Beringi mpya inazuiwa na grisi yake nzito. Inayozunguka kama pia imekauka.

Spring ya zamani hatukuirudisha. Ikiwa imelala mezani bila kuvutwa, mizunguko yake ilikuwa imeachana na mwanga ulipita katikati. Spring nzima ya aina hii mizunguko yake hushikana. Iliyochoka haina nguvu ya kuvuta puli, na fundi aliyeifunga mara ya mwisho angeweza kufuata kila hatua sawasawa na bado akaacha mkanda uliolegea.

Tulikagua pia sili ya oili ya krankshafti na ile ya kamshafti. Zilikuwa kavu. Zingekuwa na unyevu tungezibadilisha hapo hapo, kwa sababu oili hulainisha mpira wa mkanda na kuufanya uvimbe, na hakuna tenshena inayoweza kuuokoa mkanda wenye oili.

Kosa la siku ile lilitokea wakati wa kurudisha, na nalikumbuka kuliko mambo mengine yote.

Nilifunga spring mpya na puli mpya, nikaisukuma kushoto nikaikaza kidogo. Nikavalisha mkanda kwenye puli ya krankshafti, nikaupandisha hadi kwenye puli ya kamshafti, alama zote zikiwa mahali pake, nikalegeza bolti ya tenshena spring ivute. Kwa macho kila kitu kilikuwa sawa. Nikazungusha krankshafti mizunguko miwili kamili kwa mwelekeo wa saa, kutoka alama hadi alama. Chini alama ya krankshafti ikakaa. Juu, tundu la kamshafti lilikuwa limebaki nyuma kwa jino zima.

Mzee hakuniambia kosa liko wapi. Aliweka kidole kwenye upande wa kulia wa mkanda, akaubonyeza, akaniuliza: "Huu upande unafanya kazi gani?"

Krankshafti inazunguka kwa mwelekeo wa saa na ndiyo inayovuta. Kwa hiyo upande wa kulia wa mkanda unashuka kuelekea kwake na ndio unaovutwa. Upande wa kushoto unapanda na ndio unaolegea, ndiyo maana tenshena imewekwa kushoto. Nilipovalisha mkanda niliacha ulegevu mdogo upande wa kulia. Alama zilionekana sawa kwa sababu hakuna kilichokuwa kimevutwa bado. Krankshafti ilipoanza kuzunguka ilikula ule ulegevu kwanza, ndipo ikaanza kuivuta kamshafti, na tenshena ikaumeza uliohamia kushoto. Kamshafti ikachelewa jino moja.

Jino moja si dogo. Kama puli ya chini ina meno 20, jino moja ni digrii 18 za mzunguko wa krankshafti. Injini itawaka, lakini itakuwa nzito, itatetemeka ikiwa imetulia na itakula mafuta. Tena 4A-FE ni injini ya kusamehe, pistoni zake hazigongani na vali taimingi ikikosewa. Kwenye injini nyingine, na hasa za dizeli, kosa kubwa zaidi ya hapo hupinda vali mara tu ukizungusha starta. Ndiyo sababu ya kuzungusha kwa mkono kwanza, siku zote, na ukihisi kitu kigumu kinakuzuia, simama, usiongeze nguvu.

Tukarudia. Puli ikasukumwa tena kushoto ikazuiwa, mkanda ukatoka. Safari hii nilianza na puli ya krankshafti, nikauvuta upande wa kulia hadi ukanyooka, nikaivalisha kamshafti bila kuuachia. Jino halikukaa sawasawa. Nilitia spana kwenye sehemu yenye pembe sita ya kamshafti, nikaisogeza kiasi cha nusu jino hadi mkanda ukaingia, kisha nikaiachia irudi taratibu. Ulegevu wote ukawa kushoto, mbele ya tenshena, mahali pake.

Nilipolegeza bolti ili spring ivute, Mzee aliisukuma puli kwa kidole gumba kushoto na kuiachia, mara tatu. Mara ya tatu ilinata kidogo kabla ya kurudi. Tulitoa tena, tukakuta ukoko wa kutu na grisi ya zamani pale bamba la tenshena linapolalia injini. Bamba lisiposogea kwa uhuru spring haivuti chochote, hata ikiwa mpya. Tulisugua kwa brashi ya waya, tukafuta pakawa pakavu. Grisi haipakwi hapo, kwa kuwa joto huiyeyusha ikafika kwenye mkanda.

Mizunguko miwili tena, kwa mwelekeo wa saa tu. Ukipita alama kwa bahati mbaya usirudishe nyuma kuifuata, kwa sababu ukirudisha unauhamishia ulegevu upande wa kuvuta na tenshena inakupa kipimo cha uongo; endelea mbele mizunguko miwili mingine. Alama ya chini ikakaa mahali pake, tundu likatazamana na alama yake. Hapo, bila kugusa kitu kingine, bolti ya tenshena ikakazwa kwa spana ya torki hadi Nm 37. Usiisukume puli kwa bisibisi ili kuusaidia mkanda ubane zaidi. Spring ndiyo iliyopimwa kwa kazi hiyo. Mkanda uliobanwa kupita kiasi hulia mluzi wa juu na kuiua beringi mpya kabla ya wakati. Uliolegea hupiga kava na kuruka meno.

Kipimo cha mwisho kilikuwa upande wa kulia, katikati ya puli mbili. Ukisukumwa kwa nguvu ya kilo 2 mkanda unapaswa kuzama milimita 5 hadi 6. Wetu ulizama kiasi hicho. Tukazungusha mizunguko miwili mingine tukapima tena, ukabaki vilevile.

Kava zikarudi, mauntingi, puli ya chini kwa Nm 118, mikanda ya nje, plagi, gurudumu. Injini ikawaka kwa mguso wa kwanza wa starta. Lakini Mzee alikataa kulitoa gari jioni ile. Mlio ulikuwa wa asubuhi, akasema, na injini yenye joto haiwezi kutoa ushahidi.

Gari likalala. Kesho yake kabla jua halijapanda tuliliwasha, mwenyewe akiwa amesimama pembeni. Niliweka bisibisi kwenye kava ya chini, palepale pa jana. Ulisikika mkanda ukipita juu ya puli, mvumo laini usiokatika. Nikampisha mama naye asikilize. Akaweka sikio, akatulia kwa muda, kisha akaomba ile karatasi yake, na Mzee akaandika chini ya mstari wa plagi: tenshena na spring, mpya, pamoja na namba ya kilomita iliyosomeka siku hiyo.