Waliniambia niweke biti, mimi nikaenda kurekodi vyuma vya feri

Niko Mombasa, na siku hizi kodi ya nyumba nalipa kwa muziki usio na biti wala mwimbaji, unaotengenezwa kwa sauti za kurekodi tu. Naandika hii kwa sababu ushauri niliopewa ulikuwa mbovu ajabu. Weka biti. Tafuta msanii mkubwa umshirikishe. Peleka redio. Na ule ulionichoma zaidi, ati haya ni mambo ya wazungu. Jamani! Mtunzi Halim El-Dabh alikuwa Mmisri, na mwaka 1944 hapo Cairo aliazima mashine ya kurekodi kwenye waya, akarekodi ngoma ya zari ya akina mama, zile za kupunga pepo ambazo sisi watu wa Pwani hatuhitaji kuelezwa, kisha akaichezea studio mpaka ikabaki kama mwangwi wake tu. Pierre Schaeffer wa Paris, anayesifiwa kila siku kama mwanzilishi wa muziki huu wa sauti za kurekodi, alikuja na yake 1948. Kwa hivyo mtu asikutishe.

Sasa vifaa. Wengi watakwambia rekodi na simu halafu safisha na programu. Feri ya Likoni hilo haliwezekani, upepo wa bahari unaipiga maiki ya simu unapata fuuu mwanzo mwisho, na programu ya kusafisha ikiondoa upepo inaondoa na injini yote, unabaki na sauti kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Kilichoniokoa ni piezo, kile kisahani cha shaba chenye duara jeupe katikati, kiko ndani ya toi zinazolia na alamu, bei yake ni ya soda. Ukikibandika kwenye chuma kinasikia mtikisiko wa chuma, hewa hakina habari nayo, upepo uvume utakavyo. Ukichomelea waya pale kwenye duara jeupe gusa na uondoe, likipata moto sana linakufa. Na waya iwe ile ya maiki iliyozungushiwa nyuzi za shaba, la sivyo utasikiliza mngurumo wa stima siku nzima.

Changu kilianza kulia kijembamba, besi hakuna kabisa. Nikampelekea mzee mmoja fundi redio pale Mwembe Tayari, akakigonga na kucha, akasikiliza, akasema, "Mwanangu, tundu la maiki linakula besi yako. Hiki kitafutie tundu la gitaa." Basi! Na kwa sababu feri huendi na mashine ya gitaa, akanitengenezea kijiboksi chenye transista moja na betri ya volti 9, nikamlipa pesa ya chakula cha mchana tu. Ile piezo nikaibandika kwenye reli ya feri kwa utepe. Kwenye hedifoni injini inakuja kutoka chini kabisa, juu yake viatu vya watu, mikokoteni, halafu ule mlango wa chuma unaposhuka kukwaruza zege, lo, nywele zilisimama. Askari akaja, "Kijana, hizo waya za nini?" Nikamvalisha hedifoni. Alisikiliza mpaka tukafika ng'ambo. Ule mkwaruzo nilipoushusha kasi nusu ukawa mzito kama zumari kubwa, na ndio uliobeba albamu yangu ya kwanza.

Pesa ilitoka wapi? Strimu sahau, ni senti. Niliuza Bandcamp, tovuti ya wanamuziki kuuza kazi zao wenyewe, wao wanakata 15% kwa muziki wa dijitali, na zile Ijumaa maalumu wanazoziita Bandcamp Friday, walizoanza Machi 2020, hawakati fungu lao, kwa hivyo wakitangaza moja toa kazi yako siku hiyo. Inaingia PayPal, naivuta M-Pesa. Lakini kilichonilipa vizuri zaidi ni watu wa filamu na dansi waliosikia ile albamu wakataka sauti za aina hiyo. Na usiambiwe lazima uhamie Ulaya ndio usikike, KMRU, Mkenya anayefanya muziki wa aina hii, alijifunza kusikiliza hapa hapa kwetu, Nairobi, kabla ya kuhamia Berlin, na vijana wa singeli, ule muziki wa kasi wa Dar, wa studio ya Sisso pale Mburahati, Dar, walitoka uswahilini moja kwa moja mpaka majukwaa ya Ulaya, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikiwasukuma.

Kila faili iandike mahali na saa uliporekodi, watu wa filamu huuliza. Na shoo yoyote nusu ya pesa iingie kabla hujapanda basi, hilo silegezi hata kwa rafiki.