Kifuo cha kuni: nilivyoacha kushika ukuni mbele ya panga

"Shika ukuni sawasawa, kaza macho, piga polepole." Huo ndio ushauri unaotolewa huku Mtwara, tangu Mikindani hadi Masasi, kila panapozungumzwa kupasua vibanzi vya kukokea moto, nao ni ushauri mbaya. Ukuni wa sentimita 20 ukiushika kwa mkono, vidole viko karibu mno na makali. Na huko kupiga polepole ndiko kunakoleta ajali: panga lisilo na nguvu haliingii kwenye mti, linateleza na kushuka ubavuni, kwenye kidole gumba na cha shahada. Wengine watakwambia ukae kwenye kigoda, ubane ukuni kwa nyayo, uchanje. Hapo umeihamisha hatari kutoka vidole vya mikono kwenda vidole vya miguu na muundi, basi.

Mimi sasa sishiki kabisa. Vibanzi vya wiki nzima napasua asubuhi moja, vidole viko mbali, na hata mama mtu mzima asiye na nguvu za kuinua shoka anaweza kuifanya kazi hii.

Hatari yote inatokana na jambo moja: makali yanatembea, mkono umetulia. Geuza. Makali yatulie, ukuni ushuke juu yake. Sisi watu wa minazi tunalijua hili tangu utotoni kwa kifuo cha nazi, kile cha kubambulia makumbi: kimechimbiwa chini, ncha iko juu, nazi ndiyo inayoshushwa. Kifuo cha kuni ni hicho hicho, ila kina makali ya bapa badala ya ncha, na badala ya kusukuma kwa mikono unapiga kichwa cha ukuni kwa gongo. Kule New Zealand, msichana wa shule aitwaye Ayla Hutchinson alibuni kifaa cha namna hii mwanzoni mwa miaka ya 2010, baada ya mama yake kujikata kidole akipasua vibanzi. Chake ni chuma cha kusubu, kabari imesimama katikati ya pete, na kinauzwa kwa jina la Kindling Cracker. Huku kwetu hakihitajiki cha dukani. Cha kwangu kimetoka kwenye springi mbovu ya gari.

Nenda kwa mafundi magari, omba jani moja la springi iliyovunjika. Linalofaa lina upana wa sentimita 6 au 7 na unene wa milimita 8 hivi. Jembamba sana linakata lakini halitanui, na ukuni haupasuki kwa kukatwa. Unapasuka kwa kutanuliwa. Chagua kipande chenye tundu la katikati, lile linalopitisha bolti ya kufunga majani yote pamoja. Tundu hilo ni mali, maana springi ni chuma kigumu, ukitaka kulitoboa mwenyewe utamaliza ncha za keke bila kufika popote. Mwambie fundi akate kipande cha sentimita 25, tundu libaki sentimita 10 kutoka mwisho wa chini. Makali yawekwe mwisho wa juu.

Kunoa hapa si kama kunoa kisu. Saga pande zote mbili kwa grenda mpaka upate kabari yenye pembe ya nyuzi 30 hivi. Usitafute makali ya kunyolea. Kabari nene yenye makali ya wastani inapasua vizuri kuliko makali membamba, na ukiigusa kwa bahati mbaya haifungui nyama papo hapo. Fundi asage kidogo, achovye kwenye maji, asage tena. Chuma kikigeuka bluu ujue kimepata joto mno, na kikizidi hapo ugumu unaweza kutoka na makali yakakunjika.

Sasa kukisimamisha, na hapa ndipo kazi za wengi zinapoharibikia. Wanachukua gogo lililosimama, wanapigilia chuma kwenye kichwa chake, na siku ya pili gogo limepasuka vipande viwili. Lazima lipasuke. Kichwani mwa gogo nyuzi za mti zinatazama juu, na ile kabari ya kupasulia kuni inalipasua gogo lenyewe kila unapopiga. Dawa ni kulilaza gogo na kukipachika chuma kikikatiza nyuzi, si kuzifuata. Nyuzi zikikatizwa hazina njia ya kufunguka.

Tafuta gogo la mwembe, urefu wa sentimita 60, unene wa 25 hadi 30. Mwembe una nyuzi zilizojisokota, ni mkaidi kupasuka, na kwa gogo la kupigia ukaidi huo ndio tunaoutaka. Chonga mgongo wake upate ubapa kidogo. Kata kwa msumeno mistari miwili ya kukingama, iachane kwa unene wa springi, kina cha sentimita 10, kisha chomoa nyama ya katikati kwa patasi. Chuma kiingie kwa kubanwa, kwa kugongwa na mti. Kikiingia chenyewe umepanua mno, weka kabari nyembamba za mti mgumu. Nafasi inayobaki kushoto na kulia jaza vipande vilivyogongewa.

Utaona tundu sasa limekaa sawa na mgongo wa gogo. Pitisha humo kipande cha nondo cha sentimita 20, ile inayoenea, mara nyingi ya milimita 8. Kilale juu ya gogo, nusu mbele na nusu nyuma ya chuma. Kisha kibane kwa misumari ya inchi 4 iliyokunjwa, miwili kila upande. Nondo hiyo inafanya kazi mbili kwa pamoja. Kila unapopiga, mzigo unabebwa na mgongo wa gogo, kwa hiyo chuma hakizidi kuzama. Na ukuni uliong'ang'ania ukiuvuta, chuma hakichomoki. Hakuna kuchomelea kwenye springi yenyewe, na ni vizuri hivyo, kwa sababu springi ikichomelewa bila uangalifu inakuwa dhaifu pembeni mwa weldi na inaweza kukatika ghafla.

Lichimbie gogo nusu yake. Juu ya gogo kinabaki chuma cha sentimita 15.

Kilichobaki ni pete, na hii ndiyo inayokuondolea mkono. Fundi wa kuchomelea akunje nondo ya milimita 10 iwe duara la sentimita 20, aichomelee miguu miwili ya sentimita 60 iliyotanuka kidogo kupita unene wa gogo. Ichimbie pande mbili za gogo mpaka pete ikae sentimita 12 juu ya makali. Ukuni unausimamisha ndani ya pete, unaegemea wenyewe, unauachia. Kwa sababu ya pete, kuni zako zikatwe sentimita 25 hadi 30. Fupi kuliko 20 zitazama ndani na gongo litagonga pete.

Gharama inategemea unavyoelewana na mafundi. Springi bovu ni elfu chache, mara nyingine unapewa bure, kinachogharimu ni grenda na pete.

Gongo langu ni mchi wa kinu uliovunjika, uliokatwa sentimita 40. Mti wa mchi ni mzito na mgumu, na tayari una umbo la kushikika. Usitumie nyundo ya chuma. Ukuni mwembamba ukipasuka kwa pigo moja nyundo inatua kwenye makali, chuma kigumu kwa chuma kigumu, na kipande kinachoruka hapo kinaweza kuingia jichoni.

Kupiga kwenyewe hakuna siri nyingi, ila mbili nazisisitiza. Ya kwanza, fundo likae juu, mbali na makali, ili ufa uwe umeshaanza safari kabla ya kulikuta. Ya pili, pasua nusu kwa nusu kila mara. Ukuni wa unene wa kifundo cha mkono upasue katikati, kila nusu katikati tena, mpaka ufike unene wa kidole gumba, halafu penseli. Anayejaribu kubandua kibanzi chembamba pembeni mwa ukuni mnene atapata vipande vinavyoishia njiani, kwa sababu ufa hukimbilia upande dhaifu. Pande mbili zikiwa sawa, ufa unanyooka mpaka mwisho.

Ukimaliza, funika makali. Kipande cha bomba la plastiki kilichopasuliwa kwa urefu kinavishwa juu, kisha debe linapinduliwa juu yake. Chuma kinachotazama juu uani penye watoto na kuku hakiachwi wazi hata kwa muda wa kwenda kuchota maji.

Asiye na kifuo asirudi kwenye kushika. Panga na gongo vinatosha. Simamisha ukuni juu ya kigogo, weka makali ya panga juu ya kichwa chake, panga limelala usawa, halafu gonga mgongo wa panga kwa gongo. Likishaingia sentimita mbili tatu halianguki. Endelea kugonga ile sehemu ya panga inayojitokeza upande wa pili. Mkono mmoja uko kwenye mpini, mwingine kwenye gongo, hakuna mkono kwenye ukuni. Kama ukuni hausimami, ushikilie kwa kijiti kirefu, si kwa vidole.

Magogo mazima bado yanahitaji shoka, na hapa pwani adui mkubwa ni mchanga. Kigogo cha kupasulia kikikaa juu ya mchanga, nusu ya nguvu yako inamezwa chini. Unapiga, kigogo kinazama, ukuni unakutazama. Chimba kidogo, laza jiwe bapa la matumbawe, kigogo kikae juu yake. Urefu wa kigogo usifike gotini. Juu yake funga tairi bovu la gari, kuni zisimame ndani yake: zinapasuka bila kuruka, huinami kuziokota, na shoka likikosea linakutana na mpira kabla ya mguu. Vaa viatu vya kufumba, si ndala, na fundo la kanga au shuka liwe limekazwa. Watoto wakae mbali, hatua tano na zaidi.

Angalia pia kichwa cha shoka. Shoka la kienyeji, ambalo mkia wa chuma umepenya kwenye kirungu cha mpini, linajikaza kila unapopiga. La dukani, ambalo mpini umeingia kwenye tundu la chuma, hulegea kiangazi mpini ukinywea. Kulilowesha usiku kucha kunasaidia kwa siku moja tu, kisha mpini unanywea tena. Piga kabari ndogo ya chuma kichwani mwa mpini.

Kuhusu miti yenyewe. Matawi ya mikorosho yanayopogolewa baada ya msimu ni kuni nyingi kwetu, lakini yamepinda na yamejaa panda. Kata ile mikono iliyonyooka kwa vibanzi, panda ziende jikoni nzima nzima, usipoteze nguvu. Mnazi usiuguse kwa vibanzi: hauna nyuzi zinazofunguka kama mti mwingine, una kamba kamba ngumu nje na laini ndani. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini na thamani yake iko kwa wachongaji na watengeneza zumari, si kwenye mafiga. Mikoko ni hifadhi, iache. Kinachopasuka kwa raha kuliko vyote ni mabaki ya msonobari kwa maseremala, ile mbao laini inayotoka msitu wa kupandwa wa Sao Hill, kule Iringa. Utomvu wake unashika moto haraka. Lakini chagua kwa makini. Mbao ya kupaulia iliyotiwa dawa, yenye rangi ya kijani kijani, isiingie jikoni kabisa, maana baadhi ya dawa za mbao zina aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu. Vivyo hivyo iliyopakwa rangi. Mianzi mikavu inapasuka kwa pigo moja, na ni lazima ipasuliwe, kwa sababu pingili zima likiingia motoni hewa ya ndani inatanuka na kulilipua.

Maganda ya korosho yanawaka kweli, wala hayahitaji kibanzi. Mafuta yake yanaunguza ngozi na moshi wake unachoma macho na kifua. Siyatumii nyumbani. Mafuta ya taa nayo hayana kazi hapa. Weka chelewa za makuti na makumbi makavu chini, vibanzi vya penseli vikiwa vimepishana juu yake, kisha vya kidole gumba, na kipande cha kifuu kikishika unaweza kuweka ukuni.

Pasua kabla ya mvua za Desemba, maana kibanzi chembamba kinakauka upesi lakini pia kinanyonya unyevu upesi. Viweke juu ya mawe, mchwa wasifike, chini ya upenu wenye hewa. Uchaga wa jikoni ni mzuri ila usiwe wima juu ya moto, hasa nyumba ikiwa ya makuti. Gonga vibanzi viwili: vikavu vinalia, vibichi vinadundadunda tu.

Ukijikata licha ya yote, bana jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono, usilegeze kuchungulia, nenda zahanati na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Na kila baada ya miezi michache kagua ile misumari iliyokunjwa. Nondo ikianza kucheza, ongeza miwili pembeni mwa matundu ya zamani, si ndani yake.