Siku niliyochuchumaa tena

Nilivunjika paja la kushoto nikiwa abiria wa bodaboda, Mbagala, jioni, mvua imetoka kunyesha. Maumivu hayakuja papo hapo. Kwanza niliona goti langu limegeukia pembeni, kama si la kwangu.

Hospitalini nilikaa siku 11 mguu unavutwa kwa uzito, nikisubiri zamu ya upasuaji. Siku zile zilinitesa kuliko upasuaji wenyewe. Mama mdogo alitaka kunihamishia kijijini kwa mtaalamu wa kuunga mifupa, na nilimwelewa, maana mjomba alipona mkono huko. Kilichonibakiza ni picha ya eksirei: vipande viwili vimepandana, mguu umefupika. Daktari akanieleza kwamba misuli ya paja ina nguvu mno, huvuta vipande vipishane, na vijiti vya kufunga kwa nje haviwezi kuizuia.

Nikawekewa chuma ndani ya mfupa, kile cha SIGN, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle. Hufungwa kwa skrubu juu na chini, na matundu ya skrubu hupatikana kwa kifaa maalumu cha kulengea, hata kama chumba cha upasuaji hakina mashine ya eksirei. Nalitaja hili kwa sababu wengi wakisikia "utawekewa vyuma" huona maisha yamekwisha. Mimi kesho yake nilisimamishwa kwa magongo.

Goti ndilo lililonitoa jasho. Lilikakamaa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniambia, "Dada, usipolikunja sasa litaganda hivyo hivyo." Basi asubuhi na jioni nakaa mkekani, napitisha khanga chini ya unyayo, nashika ncha zote mbili, navuta kisigino kidogo kidogo kuelekea makalioni mpaka machozi yananitoka. Kisha nakunja khanga iwe kama mto mdogo, naiweka chini ya goti, naikandamiza nikihesabu hadi 10. Supu ya kongoro niliinywa pia, ila si supu iliyokunja goti.

Shida yangu kubwa ilikuwa choo. Chetu ni cha kuchuchumaa. Miezi mitatu nilitumia kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati, na binti yangu ndiye aliyekuwa akinishika bega. Ndiyo maana nilifarijika kujua kwamba madaktari wa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walifanya utafiti juu ya jambo hili hili kwa wagonjwa waliovunjika paja: wanamwangalia mtu anachuchumaa hadi wapi, anashikilia nini, na uso wake unasemaje. Eksirei ya kurudia ni gharama. Kuchuchumaa ni bure, na kunaonyesha kama mtu amerudi kwenye maisha yake.

Mwezi wa sita baada ya upasuaji, kliniki, daktari akaniambia nichuchumae. Nilinyoosha mkono kutafuta ukuta, nikaurudisha. Nikashuka taratibu, goti likalia kidogo, mpaka paja likagusa nyama ya mguu. Nikabaki pale chini. Akaniuliza kama naumia, nikamwambia hapana, niache kidogo.

Leo nawasha jiko la mkaa mwenyewe. Kwenye ngazi bado natanguliza mguu wa kulia.