Kukaa kimya kutwa: magoti kwanza, mawazo baadaye

Anayeanza kutafakari huogopa mawazo yake. Kwangu kazi ilikuwa kwenye nyonga na magoti, na ndiko ningemshauri mgeni aanzie.

Ratiba niliyoifuata ni ya kozi ya siku 10 ya Vipassana, yaani kutafakari kwa asili ya Kibuddha, kwa njia aliyoifundisha mwalimu S. N. Goenka, mzaliwa wa Mandalay, Myanmar. Kengele hulia saa 10 alfajiri, kikao cha kwanza ni saa 10:30 hadi 12:30 asubuhi, na hadi usiku jumla ya muda wa kutafakari hukaribia masaa kumi. Siku tatu za mwanzo ni kuangalia pumzi puani tu. Kisha, baada ya Vipassana yenyewe kufundishwa siku ya nne, vikao vitatu vya pamoja, kila kimoja saa nzima, hukaliwa bila kufumbua macho wala kusogeza miguu na mikono.

Mwili haukubali saa nzima usipoandaliwa. Inua makalio hadi magoti yawe chini ya nyonga; mto mmoja mgumu na blanketi lililokunjwa mara nne huwatosha wengi. Kalio likiwa chini mno, kiuno hupinda kwa nyuma, mgongo hufanya kazi ya kukushikilia, na baada ya dakika 20 mabega huwaka. Goti likining'inia, lisukumie kitambaa chini yake. Aliyezoea mkao wa tahiyatu, ule wa kukalia visigino katika swala, ana faida: akiweka mto mnene kati ya visigino na makalio, anaweza kukaa hivyo muda mrefu bila kupishanisha miguu.

Tofautisha maumivu. Ganzi ni mshipa wa fahamu uliobanwa. Huisha ukinyoosha mguu, ila usisimame ghafla, maana mguu usiojihisi hupinda kifundo. Maumivu makali ndani ya goti ni jambo jingine: nyonga imekataa kuzunguka, goti linasokotwa badala yake. Hapo badilisha mkao mara moja, hata kama wenzako wametulia. Kuna kiti pia, na aliyekaa kitini anatafakari sawasawa na aliye sakafuni.

Usingizi huja zaidi baada ya chakula cha mchana. Kula theluthi mbili ya kawaida yako. Ukianza kusinzia, vuta pumzi chache kwa nguvu kidogo, au toka nje utembee dakika tano wakati wa vikao visivyo vya pamoja.

Mawazo yakitangatanga, rudi puani bila kujigombeza. Ukihesabu dakika, kikao hurefuka. Mimi huacha saa mbali na macho.

Wiki mbili kabla, jizoeze nyumbani: dakika 20, kisha 40, kisha saa, asubuhi na jioni. Na aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili, au anayetumia dawa zake, alieleze hilo wazi kwenye fomu ya kuomba kujiunga na kozi, na amwone daktari wake kwanza, kwa sababu kimya kirefu huweza kuamsha hofu nzito.