Muhuri niliouruka

Afisa aliipekua pasipoti yangu ukurasa baada ya ukurasa, akarudi mwanzo, akaipekua tena. Mara ya tatu aliishika kwa ncha na kuitikisa kidogo, kana kwamba muhuri ungedondoka.

"Dada, wa kutokea uko wapi?"

"Wa kutokea wapi?"

"Kwenu. Kwa hati hii, wewe bado uko kwenu."

Nje ya dirisha lake bendera ya watu ilikuwa inapepea. Nami nimesimama chini yake, naambiwa sijaondoka nyumbani.

Hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu ya kwanza kuvuka mpaka peke yangu, kwa basi, na nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kwenye mtihani. Pasipoti ilikuwa imebakiza zaidi ya miezi 6 kabla ya kuisha, maana nchi nyingi zinadai hivyo, na kurasa tupu zilikuwa bado nyingi. Nakala yake niliiacha kwa dada yangu, na picha nikajitumia kwa barua pepe. Jina na anwani ya nyumba ya wageni niliviandika kwenye kijidaftari, kwa sababu fomu ya kuingilia lazima iulize unafikia wapi, na ukijibu "kwa rafiki" utaulizwa mengine kumi. Hata simu niliizima mtandao mapema. Minara ya jirani huidaka laini yako kabla hujafika, salio likayeyuka nawe bado umekaa kwenye kiti.

Jambo ambalo hakuna aliyenidokeza ni kwamba mpakani hupita watu wa aina mbili. Wapo wasafiri, na wapo wenyeji wa pale ambao upande wa pili kwao ni kama mtaa wa pili. Hawa wana vibali vyao vya ujirani, hutoka asubuhi na kurudi jioni, na muhuri hauwahusu.

Konda alitushusha na tangazo moja tu: "Kila mtu na hati zake. Basi tunalikuta upande wa pili. Saa nane kamili naondoka, sisubiri mtu." Abiria wakatawanyika, wengine chooni, wengine kwenye kivuli. Mimi, kwa kutotaka kuonekana mgeni, nikatafuta wanaotembea kwa uhakika. Nikawaona kina mama watatu wenye mizigo kichwani, hawatazami kulia wala kushoto, nikajiunga nyuma yao. Tulipita ubavuni mwa jengo hadi kwenye geti dogo. Mlinzi aliwatania, wakamwonyesha vikaratasi vyao, nami na kibegi changu mgongoni akanipungia mkono nipite. Mpaka wenyewe ndio huu? Nilijisifu njia nzima, katikati ya malori yaliyopanga foleni, mpaka nilipofika kwa yule afisa wa kutikisa pasipoti.

"Rudi ukagongewe, ndipo uje," alisema, wala hakuwa mkali.

Nikarudi mbio. Getini, mlinzi yuleyule akaniwekea mkono mbele.

"Wageni hawapiti hapa."

"Nimepita hapa sasa hivi!"

"Nani alikuruhusu?"

Nilimtazama. Akaelewa, akatazama pembeni, akanionyesha njia ya kuzunguka.

Huko njiani ndipo hofu iliponiingia sawasawa. Begi kubwa lilikuwa kwenye buti la basi. Likiondoka, nitahitaji nauli ya kulifuata, na sina hata senti ya nchi ile. Kijana mwenye bunda la noti mkononi akaniona kabla sijamwona. Nilikuwa nimeshaonywa: hesabu mwenyewe, na ukishazishika usizirudishe. Nikahesabu, ikapungua noti moja. "Samahani dada, lete niongeze." Nami, kwa haraka, nikarudisha. Aliiweka ile iliyopungua juu ya bunda nikiiona kwa macho yangu, akalikunja mara mbili, akanikabidhi na kunifumbia ngumi kwa upole kama anayempa mtoto peremende. Nilipokuja kulikunjua, noti ya juu ilikuwepo. Za chini tatu zilikuwa zimetoweka. Bahati yangu nilibadilisha kidogo tu, ya kunifikisha mjini.

Kwenye dirisha la kutokea nilisema kweli yote. Afisa alicheka, akaniambia nishukuru mwenzake ana macho, maana angenigongea kuingia bila ya kutoka, siku ya kurudi ningekuwa na maelezo marefu. Akanigongea.

Upande wa pili tena, sasa dawati la afya. Kijana aliyekuwepo aliikodolea macho kadi yangu ya homa ya manjano. "Hii imepita miaka 10, imeisha." Nikahisi magoti yanalegea. Mama mmoja mtu mzima, kwenye meza ya nyuma, akajibu bila kuinua kichwa: "Tangu 2016 hiyo ni ya maisha. Mwachie mtoto wa watu apite." Ningempigia magoti. Kinachoangaliwa ni zile siku 10 za kwanza baada ya kuchanjwa, ambazo kadi bado haijaanza kufanya kazi. Yangu ilishazipita zamani sana.

Simu yangu ilisema saa nane na dakika kumi na mbili.

Yule afisa wa kwanza alinipokea kama ndugu. Aligonga muhuri, akaandika idadi ya siku kwa kalamu, na pamoja na haraka yangu yote nilisimama kuisoma, kwani mgeni hukaa kwa siku zilizoandikwa, si alizoomba. Nilipoinua macho nikaona saa ya ukutani: saa saba na robo.

"Saa yenu imesimama?"

"Imesimama kwa nini? Sisi tuko nyuma yenu saa moja."

Simu niliyoizima mtandao isinile salio ilikuwa imebaki na saa ya nyumbani. Nikatoka nje taratibu. Basi lilikuwa chini ya mti, milango wazi, na konda amelala viti viwili, miguu imetokeza kwenye njia. Buti lilikuwa limefungwa. Nikamwamsha alifungue nilione begi langu kwa macho. Akalalamika, akafungua, nikaliona, akarudi kulala.

Nilikaa kwenye kiti changu zaidi ya nusu saa, peke yangu, nikiwa wa kwanza kurudi kati ya abiria wote. Nikawasha mtandao kwa dakika moja tu. Saa ikaruka nyuma, na ujumbe wa dada yangu ukaingia: "Umeshavuka?"

Nikamjibu: "Mara tatu."